Mwombaji Kazi na Maneno ya Mwajiri: Uhakiki wa Baadhi ya Istilahi za Uombaji Kazi

Utangulizi

Kila mwaka vijana wengi humaliza masomo yao katika shule na vyuo vyetu, wakaanza safari ambayo mitaani huitwa kuzunguka na bahasha. Bahasha yenyewe ni ya rangi ya kaki, na ndani yake mna barua ya maombi, nakala za vyeti, na karatasi moja au mbili zinazoeleza mwenye bahasha ni nani, amesoma wapi na amefanya kazi gani. Siku hizi sehemu kubwa ya safari hiyo imehamia katika kompyuta, lakini yaliyomo ndani ya bahasha hayakubadilika sana. Ushauri juu ya namna ya kuijaza ni mwingi: walimu huutoa darasani, magazeti huuchapa, na jamaa waliotangulia kazini huugawa bure. Hata hivyo, kuna swali moja ambalo washauri hawaliulizi, na ambalo sisi tunaoshughulika na lugha hatuna budi kuliuliza. Maneno yenyewe anayopewa mwombaji yanamwagiza afanye nini?

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza istilahi nne zinazotumika katika matangazo ya kazi na katika mafunzo ya uombaji kazi nchini Tanzania, tukitupia jicho mara moja moja matumizi ya wenzetu wa Kenya. Istilahi hizo ni wasifu pamoja na mwenzake maelezo binafsi, mdhamini, usaili, na uzoefu. Maoni yetu ni kwamba nyingi kati ya istilahi hizi zilizaliwa upande wa meza anaokaa mwajiri. Kwa sababu hiyo, humtaka mwombaji alete kisichohitajika, au humtia hofu mahali ambapo hapana la kuogopwa.

Karatasi na kazi

Uhusiano wa karatasi na kazi ni wa zamani katika lugha yetu. Neno kibarua, kwa asili yake, ni barua ndogo. Katika karne ya 19 mtu aliyechukuliwa kwa kazi ya kutwa katika miji ya pwani alipewa kikaratasi cha kuonyesha kwamba amefanya kazi na anastahili ujira. Jina la kikaratasi likamhamia mtu mwenyewe, kisha likaihamia kazi yake. Leo tukisikia kwamba kibarua cha fulani kimeota nyasi, hakuna hata mmoja wetu anayefikiri juu ya karatasi.

Baada ya kibarua kikaja kipande. Nchini Kenya, kuanzia mwaka 1919 na 1920, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kuchukua hati ya kuandikishwa, na wengi waliivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati. Humo mlikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, na sahihi ya mwajiri pale mfanyakazi alipoachishwa. Katika mashamba ya Tanganyika neno hilohilo lilikuwa jina la kadi ya siku za kazi, nazo kwa kawaida zilikuwa 30. Mfanyakazi aliijaza kadi siku baada ya siku ndipo apate mshahara wake.

Tumeyakumbusha haya kwa sababu moja. Katika kibarua na katika kipande, aliyeandika alikuwa mwajiri, na aliyeandikwa alikuwa mfanyakazi. Mfanyakazi aliibeba karatasi yenye habari zake bila ya kuwa na neno lake hata moja ndani yake. Uombaji kazi wa leo umempa mfanyakazi kalamu: yeye ndiye anayejieleza. Yafaa basi tuangalie kama msamiati nao umehama pamoja na kalamu.

"Wasifu" na "maelezo binafsi"

Karatasi anayojieleza mwombaji ina majina kadhaa. Watu wengi huiita kwa herufi mbili tu, CV, ambazo ni kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya mwendo wa maisha. Wamarekani huiita kwa neno la Kifaransa lenye maana ya kilichofupishwa. Katika Kiswahili tuna wasifu na tuna maelezo binafsi, na Kenya kuna wasifukazi. Msomaji ataona kwamba Kilatini kinataja mwendo na Kifaransa kinataja ufupi. Je, maneno yetu yanataja nini?

Wasifu ni neno la ukoo mmoja na sifa na sifu. Katika Kiarabu, yalikotoka, maana ya msingi ni kueleza jambo lilivyo. Katika Kiswahili mzizi huo umeegemea zaidi upande wa kusema mema: anayemsifu mtu anamtaja kwa uzuri. Zaidi ya hayo, mahali ambapo mwananchi wa kawaida husikia neno wasifu likitajwa kwa sauti ni msibani. Jamaa mmoja husimama, akasoma wasifu wa marehemu, tangu kuzaliwa hadi kuzikwa. Wasifu huo husomwa na mwingine, tena juu ya mtu asiyeweza tena kuusahihisha. Wanafasihi, kwa kulitambua hilo, wamelitenga neno tawasifu kwa habari ambazo mtu hujiandikia mwenyewe, kama alivyofanya Shaaban Robert katika Maisha Yangu. Lakini mwajiri anayetafuta karani hana haja ya kitabu cha maisha.

Neno hili limezaa makosa ya namna mbili. Mwombaji wa kwanza huchukua wasifu kuwa ni mahali pa kujisifu. Hujiita hodari, mwaminifu, mchapakazi, mwenye nidhamu ya hali ya juu. Akafululiza sifa kumi pasipo tendo moja la kuzithibitisha. Mwombaji wa pili amelelewa kwa methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwake yeye kujisifu ni aibu, basi huandika mistari mitatu na kunyamaza. Tunamfikiria binti aliyetunza daftari la fedha la kikundi cha kuweka na kukopa kijijini kwao kwa miaka minne, akapokea michango kila wiki, akafunga hesabu kila mwisho wa mwaka pasipo upungufu. Anapoomba kazi ya karani wa hesabu, huiacha habari hiyo nje kwa kuwa haina cheti na hakuna aliyemsifia. Aliyedanganya na aliyeficha, wote wawili wamepotoshwa na neno moja. Lau wangeambiwa tu, "Eleza ulichofanya, wapi, lini, na kikawa na matokeo gani," binti huyu angekuwa na mengi ya kuandika, na yule wa kwanza machache.

Maelezo binafsi, istilahi inayopendwa katika matangazo ya ofisi za umma, haina kosa la kusifu, bali ina kosa lake yenyewe. Neno binafsi humwelekeza mwombaji kwenye mambo ya nafsi na ya nyumbani. Ndiyo maana tunakuta karatasi zinazoanza kwa kutaja dini, kabila, hali ya ndoa, na idadi ya watoto, kabla ya kufika kwenye elimu na kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumbagua mtu, aliyeajiriwa au anayeomba kuajiriwa, kwa misingi kama vile kabila, dini, jinsi, ujauzito, hali ya ndoa, na ulemavu. Kwa hiyo istilahi inamshawishi mwombaji atoe kwa hiari yake habari ambazo sheria imekusudia zisiwe kigezo cha kumkubali wala kumkataa. Si jambo dogo. Habari ikishaandikwa, hapana awezaye kuhakikisha kwamba haikusomwa.

Kwa maoni yetu, wasifukazi ni neno bora kuliko hayo mawili. Halijaepukana na mzizi wa sifa, lakini kiungo chake cha pili kinaweka mpaka: kinachotakiwa ni habari za kazi, na mengine yabaki nyumbani. Tena limekwisha kuzoeleka katika shule za Kenya, na si busara kwa lugha moja kuwa na majina matatu ya karatasi moja.

"Mdhamini"

Tunafika sasa kwenye istilahi ambayo kwa maoni yetu imeleta madhara makubwa kuliko zote. Matangazo mengi ya kazi humtaka mwombaji ataje majina ya wadhamini, aghalabu watatu, tena wa kuaminika. Kinachotakiwa kwa hakika ni watu wanaomfahamu mwombaji kwa kazi au kwa masomo, ambao mwajiri akitaka anaweza kuwauliza habari zake. Watu hao hawaweki fedha wala mali. Hawatii sahihi ya kulipa chochote. Mwombaji akiajiriwa kisha akaharibu kazi, wao hawadaiwi.

Lakini dhamana kwa Mswahili ni kitu gani? Mahakamani, mdhamini ni mtu anayejifunga kwamba mshtakiwa atafika siku ya kesi. Asipofika, mdhamini anaweza kutakiwa kulipa. Tangu sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, maana hii imezidi kupata nguvu. Katika mikopo, mdhamini ni mtu anayefuatwa mkopaji anaposhindwa kulipa. Chama na taasisi zina bodi za wadhamini, ambao wameaminiwa kushika mali. Mashindano ya mpira nayo yana wadhamini, ambao hutoa fedha. Maana zote hizi nne zina kiini kimoja: mdhamini hubeba mzigo. Maana ya tano, ile ya tangazo la kazi, haina mzigo wowote. Imeingizwa katika neno ambalo haliwezi kusemwa bila ya msikilizaji kushika mfuko wake.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la nadharia tu. Mhitimu mwingi wa chuo kikuu amekwisha kupita katika fomu za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na humo alitakiwa awe na mdhamini wa mkopo. Baba mdogo au mjomba akatia sahihi. Miaka mitatu au minne baadaye, kijana huyohuyo anamrudia mzee yuleyule na neno lilelile. Deni la kwanza halijalipwa, na sasa anaombwa dhamana ya pili!

Tuliwahi kushuhudia mazungumzo ya namna hii nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu. Kijana aliyekuwa mwanafunzi wake alifika jioni, akaamkia, akaketi, na baada ya habari za nyumbani akatoa ombi lake.

"Mwalimu, nimekuja kukuomba uwe mdhamini wangu wa kazi."

Mwalimu alikaa kimya kitambo. Kisha akauliza, "Mwanangu, wewe nakufahamu, wala sina shaka nawe. Lakini ukija kupoteza mali ya watu, mimi na pensheni hii nitalipa nini?"

Kijana alijitahidi kumweleza kwamba hakuna malipo. Mwalimu akamwambia arudi Jumapili, ili apate kushauriana na wanawe. Hata hiyo Jumapili siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa imepita. Mwalimu yule hakuwa mwoga wala mjinga. Alilielewa neno jinsi lugha inavyolielewa. Aliyekosea ni aliyelichagua.

Yako madhara mengine yasiyoonekana upesi. Kwa kuwa mdhamini ni mtu wa uwezo, mwombaji huwatafuta wenye uwezo. Humwandika diwani, mfanyabiashara mkubwa, au mkuu wa idara fulani anayetoka wilaya moja naye. Fundi aliyemfundisha useremala kwa miaka miwili, akamwona akifika asubuhi na akaona kila meza aliyoiunga, huachwa kwa sababu hana mali wala cheo. Siku mwajiri anapopiga simu, diwani hana la kusema ila kwamba kijana anatoka katika ukoo mwema. Hivyo mwajiri amekosa habari aliyoitaka, mwombaji amekosa shahidi aliyekuwa naye, na mtoto wa mkulima asiyemfahamu mkubwa yeyote hudhani kwamba kazi haikuwekwa kwa ajili yake.

Je, neno gani lifae? Tumepima matatu. Shahidi lina faida ya kueleweka na kila mtu, lakini nalo limefungamana na mahakama na ndoa. Mthibitishaji linapita kiasi, kwa maana anayeulizwa hana wajibu wa kuthibitisha. Anaweza hata kusema kwamba mwombaji hafai. Mrejelewa, ambalo baadhi ya waandishi wa Kenya hulitumia, limeundwa kwa kanuni ileile iliyotupa mwajiriwa, mhojiwa na mtahiniwa, nalo linasema kweli kamili: ni mtu anayerejelewa kwa habari. Watakaolipinga watasema kwamba linanukia marejeo ya vitabuni. Tunakubali. Lakini harufu ya kitabu haijapata kumpotezea mtu kazi. Kwa kipindi cha mpito tunashauri matangazo yaliandike pamoja na maelezo mafupi, yaani mtu anayekufahamu kwa kazi au masomo, tunayeweza kumwuliza habari zako.

"Usaili"

Haitakuwa haki kuhakiki bila ya kusifu panapostahili sifa. Istilahi usaili, inayotokana na kitenzi saili, ambacho ni ndugu wa swali na suala, imefanya kazi nzuri. Wenzetu wa Kenya hutumia zaidi mahojiano. Kwa upande wa Tanzania, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma imeyapanga maneno haya kwa utaratibu wa kupendeza: usaili ni zoezi zima, nalo laweza kuwa usaili wa mchujo, usaili wa vitendo, au usaili wa mahojiano. Mwombaji aliyeitwa kwa usaili wa mchujo anajua kwamba atafanya mtihani wa kuandika. Aliyeitwa kwa usaili wa mahojiano anajua kwamba atakaa mbele ya watu na kujibu kwa mdomo. Neno moja limemwambia achukue kalamu au ajiandae kusema. Hivi ndivyo istilahi inavyotakiwa kumtumikia mtu.

Tuseme vilevile kwamba kanzidata, neno linalotumika kwa orodha ya waliofaulu usaili wakawa wanasubiri nafasi, lina bahati ya pekee, kwa kuwa kanzi ni hazina. Aliye katika hazina hajatupwa, japokuwa anangoja.

"Uzoefu"

Neno hili tutalipitia kwa ufupi. Uzoefu hutokana na kuzoea, na mtu aweza kuizoea kazi pasipo kuijua, kama mtu awezavyo kuzoea kelele za kinu. Kwa sababu hiyo tangazo hutaka uzoefu wa miaka mitatu, na mwombaji hujibu kwa kutaja miaka mitatu, bila ya kusema alijifunza nini ndani yake. Waandishi wa Kenya hupenda tajriba, ambalo katika Kiarabu lina maana ya kujaribu na kupata fundisho. Hatupendekezi kuliondoa neno uzoefu, kwa kuwa limekwisha kushika mizizi. Tunapendekeza tu kwamba tangazo likitaka uzoefu litaje pia uzoefu wa kufanya nini. Hapo yule binti wa daftari la kikundi ataona kwamba miaka yake minne nayo inahesabiwa.

Mapendekezo

Msomaji atakumbuka kwamba Baraza, tangu lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, limefuata utaratibu wa kutafuta istilahi kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha nyingine za Kibantu na za Kiafrika, ndipo kugeukia lugha za kigeni. Utaratibu huo ndio uliotupa kitivo kutoka Kipare na ngeli kutoka Kihaya. Mapendekezo yetu hayakutoka nje ya mpaka huo, kwa kuwa yote yamo tayari ndani ya Kiswahili:

(1) Wasifukazi litumike badala ya wasifu na maelezo binafsi katika matangazo yote ya kazi. Wasifu libaki na maana yake ya habari za maisha ya mtu zilizoandikwa na mwingine.

(2) Mrejelewa litumike badala ya mdhamini katika uombaji kazi. Mdhamini libaki mahakamani, katika mikopo, katika bodi, na katika mashindano.

(3) Usaili liendelee kuwa jina la zoezi zima, na mahojiano liwe jina la sehemu yake ya mazungumzo.

(4) Uzoefu lisitajwe kwa miaka peke yake bila ya kutaja kazi yenyewe.

Hitimisho

Matangazo ya kazi katika utumishi wa umma humruhusu mwombaji kuandika barua yake kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Hata hivyo wengi huandika kwa Kiingereza, hata wale ambao kazi wanayoomba itafanywa kwa Kiswahili kuanzia asubuhi hadi jioni. Wengine wetu wameona hili kuwa ni kasumba. Sisi tunaonelea kwamba kuna sababu iliyo nyepesi zaidi: mwombaji anayo mifano ya Kiingereza ambayo maneno yake yametulia, na hana mfano wa Kiswahili ambao maneno yake yamekubalika. Ruhusa bila ya istilahi ni mlango uliofunguliwa mbele ya nyumba isiyo na viti.

Kibarua na kipande vilikuwa karatasi za mwajiri. Wasifukazi ni karatasi ya kwanza katika historia ya kazi ambayo mfanyakazi wetu anaiandika kwa mkono wake. Ni wajibu wetu kumpa maneno yasiyomsaliti. Tunayatoa mapendekezo haya tukijua kwamba si ya mwisho, na tungependa kusikia maoni ya maofisa utumishi, walimu, na hasa waombaji kazi wenyewe, ambao ndio wanaolipa gharama ya kila neno lililochaguliwa vibaya.